Mwana ama boyi (mtumishi wa nyumba)? Tuelewane kidogo juu ya hii maneno "mimi ni mtoto wa Mungu"

Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza Floribert Bwana Chui, kijana wa hapa Goma aliyeuawa 2007 juu alikataa rushwa, kuwa mwenyeheri (hatua ya kabla ya kuitwa mtakatifu) kule Roma, na hapa Goma watu waliimba, walilia, picha yake ikazunguka kwa simu wiki nzima. Mimi si mkatoliki, nasali kwa waprotestanti, lakini Floribert ni wa mji wetu sote. Siku chache baadaye nikapanda moto, ile pikipiki ya abiria, kutoka Birere kwenda Katindo, motari akaniuliza bila kugeuka, "Mama, kama yule kijana alikuwa mtoto wa Mungu ya kweli, Baba yake alikuwa wapi ile siku wanamuua?" Sikuwa na jibu la haraka. Nikalipa, nikashuka, swali nikaingia nalo nyumbani.

Jioni ile ile nafungua simu, naona binti wa dada yangu ameandika kwa status yake "Mimi ni mtoto wa Mfalme, umaskini haunijui". Na kuna jirani yangu, mzee mmoja mwenye heshima zake, kila tukianza kuongea mambo ya wokovu ananikatiza, "Muache kutugawa mama, sisi wote ni watoto wa Mungu." Watu watatu, neno ni moja, na kila mtu ana maana yake kichwani. Njo maana nimeona niandike, pole pole, tuanzie chini kabisa.

Kwa Biblia "mtoto wa Mungu" inatumika kwa maana mbili, na fujo nyingi zinatoka pale tunapozichanganya. Ya kwanza ni ya kuumbwa. Luka akiandika ukoo wa Yesu anarudi nyuma, baba kwa baba, mpaka Adamu, na akifika kwa Adamu anasema ni wa Mungu. Paulo naye akiwa Athene, mbele ya watu ambao hata jina la Yesu hawakuwa wamelisikia vizuri, aliwaambia "sisi sote tu wazao wake". Basi mzee wangu pale jirani hajakosea. Kila mtu unayemuona, wa kabila lako na wa lile kabila ambalo nyumbani kwenu mnalisema vibaya mlango ukifungwa, ametoka kwa mkono wa Mungu na hakuna mwenye ruhusa ya kumfanya kitu bure.

Ya pili ni ya uhusiano. Yohana 1:12 inasema wale waliompokea Yesu aliwapa uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu. Angalia hilo neno, kufanyika. Hapa Goma tunawajua vijana wengi wanaojua jina la baba yao, wanajua hata kartie anakokaa, wakikutana sokoni wanapishana tu kama watu wa mbali. Damu iko, foto ukiangalia pua ni ile ile, lakini hajawahi kula naye bugali, hajawahi kumwambia "Papa, nimefeli mtihani". Ile ya kwanza anayo, ya pili hana. Tofauti ni kwamba kwa wale vijana mara nyingi ni baba alikimbia, na kwa habari yetu na Mungu sisi njo tuliondoka nyumbani.

Sasa mtu anaingiaje kwenye hiyo maana ya pili? Yohana anaielezea kwa picha ya kuzaliwa, ile ya Nikodemo aliyekuja usiku akauliza kama mtu mzima anaweza kurudi tumboni kwa mama yake. Paulo yeye anachukua picha ya tribinali (mahakama): kufanywa wana. Kwa Kigiriki alichoandika ni neno moja ambalo maana yake ni kumuweka mtu mahali pa mwana, na limetokea mara 5 tu kwa Agano Jipya lote, kwa Warumi, Wagalatia na Waefeso. Watu wengi wanapita juu yake haraka juu Kiswahili chake kinasikika cha kawaida. Lakini wale waliosoma barua yake pale Roma hawakupita haraka.

Kwa Warumi kupanga mtoto, yaani kumfanya wako kisheria, haikuwa sawa vile sisi tunafikiria, kuchukua kitoto kichanga kisicho na wazazi. Mara nyingi walikuwa wanachukua mwanaume mzima ili jina la nyumba lisipotee. Kaisari Augusto alimpanga Tiberio mwaka wa 4, na Tiberio alikuwa amepita miaka 40. Kaisari Klaudio alimpanga Nero mwaka wa 50, wakati Klaudio mwenyewe alikuwa na mtoto wa kumzaa, na huyo wa kupangwa njo akakaa kwenye kiti. Paulo anaandika kwa Warumi karibu mwaka wa 57, Nero yuko juu. Yaani kila msomaji wake alikuwa anaishi chini ya mkubwa ambaye alipata yote aliyonayo kwa kupangwa, na hakuna mtu barabarani angethubutu kusema "huyu si mwana ya kweli". Aliyepangwa alikuwa anapewa jina jipya, anatoka chini ya mamlaka ya baba wa zamani, anakuwa mrithi.

Na tusifikirie ni mambo ya kale tu. Sheria ya familia ya nchi yetu, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inamuweka mtoto wa kupangwa kwenye kundi la kwanza la warithi, pamoja na wale waliozaliwa na marehemu. Hilo kundi linachukua robo tatu ya mali na wanagawana sawa kwa sawa. Haisemi "wa kuzaa wachukue kiwanja, wa kupangwa mumpe magodoro". Tunajua vile inaendaga kwa matanga, wajomba wanakaa chini ya hema na kuanza kuhesabu nani ni nani, lakini kwa maandishi ni sawa kwa sawa. Ukisoma Warumi 8:17, warithi wa Mungu, warithio pamoja na Kristo, soma ukiwa na hiyo robo tatu kichwani. Yesu ni Mwana kwa asili, sisi ni wana kwa kupokelewa, hatuwi miungu wala hatuwi kama yeye, lakini Baba hajatuwekea meza ndogo pembeni.

Hapa nataka kukaa kidogo na akina mama wenzangu. Kiswahili kinatuficha kitu, juu kwetu mwana anaweza kuwa wa kike ama wa kiume. Kigiriki cha Paulo kinasema mwana wa kiume wazi wazi, na kuna wasomaji wanakasirika, wanasema Paulo ametusahau. Ninaona ni kinyume. Wakati ule mwenye nafasi ya kubeba jina la nyumba alikuwa mtoto mwanaume. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba wote ni wana kwa imani, na mistari miwili mbele anasema hapana mtu mume wala mtu mke. Maana yake ile nafasi ya mtoto mwanaume, kamili, bila kupunguzwa, amepewa pia binti. Wewe dada uliyeambiwa kwenu kwamba msichana hana shamba juu ataolewa, kwa nyumba hii unasimama kwenye mstari wa warithi na miguu yako mwenyewe.

Nimesema sana juu ya sheria, na sheria ni rahisi kuelewa. Kuishi ndani yake njo kazi. Niwaambie juu ya mtoto mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita tulipokea mtoto wa ukoo wetu kutoka upande wa Masisi. Alikuwa na miaka 9, amevaa koti la mtu mkubwa, mikono yake haionekani. Hatukumchukua kuwa mtumishi, bwana yangu alisema mbele ya watoto wote: huyu kuanzia leo ni ndugu yenu. Tukampa kitanda, sahani, mswaki. Ile siku ile ile akawa mtoto wa nyumba hii, hakuongeza kitu yeye. Lakini kwa miezi na miezi alikuwa anakuja kuniuliza, "Shangazi, ninaweza kunywa maji?" Maji, na bido iko pale. Asubuhi anaamka mbele ya watu wote anafagia uwanja mara mbili. Siku moja natoa shuka nifue, nakuta chini ya godoro vipande vya mandazi, nusu nusu, vimekauka sawa mawe, sisimizi wamejaa. Kila asubuhi alikuwa anakula nusu na kuficha nusu, juu hakuwa na hakika kama kesho atapewa tena.

Halafu akavunja glasi. Glasi tu ya kawaida. Mimi nilikuwa jikoni nasikia kishindo, naenda kuangalia simuoni. Nakuja kumkuta kwenye geti, amekaa juu ya jiwe, nguo zake zote ziko ndani ya sashe nyeusi, anangoja tumfukuze. Hakulia. Alikuwa amejiandaa tu.

Paulo anaandika kwamba hatukupokea roho ya utumwa iletayo hofu, tulipokea roho ya kufanywa wana. Mimi kabla ya hiyo sashe nyeusi nilikuwa naisoma kama shairi. Sasa nikiangalia kanisani naona mandazi chini ya magodoro kila mahali. Mtu ameokoka miaka 15, akikosa siku mbili za maombi anahisi Mungu ameshamkasirikia. Mama anafunga kula siku 21 juu anaamini bila hiyo mtoto wake hatapona. Kaka akianguka kwenye dhambi anaacha kuja kilti (ibada) miezi mitatu, yaani amebeba sashe yake amekaa kwenye geti. Wote ni watoto, wanaishi sawa maboyi, na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Yesu alilisema hili kwa ile habari ya mwana mpotevu, Luka 15, na kuna kitu kidogo pale ninaomba mkisome wenyewe. Kijana akiwa kwa nguruwe anapanga maneno atakayosema: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Amefika nyumbani, anaanza kusema, nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, na pale pale baba anageuka anaita vazi, pete, viatu. Ile sentensi ya utumishi haikutoka. Baba hakumpa nafasi ya kuomba kazi. Na yule mkubwa ambaye hakuwahi kuondoka, sikiliza anavyoongea: nimekutumikia miaka mingapi hii. Miaka yote ndani ya nyumba ya baba yake, na anahesabu kama mtu anayengoja mshahara. Kwangu huyu wa pili ananiogopesha zaidi juu anafanana na sisi tunaokaa viti vya mbele.

Kuna wanaosikia haya na kusema, "Basi kama siwezi kufukuzwa nifanye ninavyotaka." Hapana. Yule mtoto wetu leo nikimkuta anasema uongo ninamrudi (ninamuadhibu), na watoto wa jirani wakisema uongo siwagusi, si wangu. Waebrania 12 inasema hivyo hivyo, Bwana humrudi yule ampendaye, na ambaye harudiwi ajiulize kama ana baba. Mtoto wa shefu anayepiga watu barabarani akisema "unajua baba yangu ni nani?" hajamheshimu baba yake hata kidogo, na mkristo anayetumia jina la Mungu kwa namna hiyo ni yule yule.

Sasa turudi kwa motari, na kwa binti wa dada yangu pia, juu maswali yao yana mzizi mmoja: wote wawili wanaamini mtoto wa Mungu hapatwi na kitu. Mmoja anashangaa juu kimepata, mwingine anaandika kwa status kwamba hakitapata.

Neno ambalo wana wa Mungu wanaita Baba yao ni Aba. Wahubiri wengine wanasema ni neno la mtoto mchanga, sawa vile kusema "bababa". Si hivyo. Ni Kiaramu, lugha ambayo Yesu aliongea nyumbani kwao, na mtu mzima pia alimwita hivyo baba yake. Ni kama "Papa" ya hapa kwetu: kitoto cha miaka 2 kinasema Papa, na mtu wa miaka 50 akipiga simu Bukavu anasema "Papa, jambo, umelalaje?" Hilo neno Aba linatokea mara 3 kwa Agano Jipya. Mara 2 ni Paulo akisema kwamba sisi tunalilia. Mara 1 ni Yesu mwenyewe, na alilisema wapi? Gethsemane, usiku, anaomba kikombe kiondolewe. Hakikuondolewa. Mwana aliye Mwana kuliko wote aliita Aba na asubuhi akasulubiwa. Basi mtu akikuambia kuteseka ni alama kwamba wewe si mtoto, mwambie aanze na huyo.

Na ile Warumi 8 ambayo inasema tu warithi, usiishie katikati, inaendelea: tukiteswa pamoja naye. Mbele kidogo inataja dhiki, shida, njaa, uchi, hatari, upanga. Mimi nikisoma hiyo orodha naona akina mama waliokuwa chini ya bashi (maturubai) kwenye kambi za waliokimbia vita pale Bulengo na Kanyaruchinya, kabla hazijafungwa mwanzo wa 2025. Nilienda kusali nao mara kadhaa, mvua inapita chini ya miguu yetu, na waliomba kama watu wanaojua wanaongea na nani. Kama umaskini haumjui mtoto wa Mfalme, basi wale mama walikuwa watoto wa nani? Paulo hasemi njaa haitakuja, anasema ikija haina nguvu ya kututenga na upendo.

Floribert alikuwa anafanya kazi OCC, shirika linalokagua bidhaa mpakani. Walitaka apitishe vyakula vilivyoharibika, wakamtolea pesa, akakataa, na Julai 2007 wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Kabla ya hapo alikuwa anajulikana na maibobo wa mji, watoto wa barabarani, anawasaidia wasome, anakula nao, pamoja na jumuiya yake ya kikatoliki ya Sant'Egidio. Sasa fikiria mtu wa miaka 26 hapa Goma anakataa dola. Ninavyoelewa mimi, mtu ambaye bado anatafuta jina, anatafuta kuonekana mtu mbele ya watu, hiyo pesa inamshika haraka. Yeye jina alikuwa nalo tayari. Vile vyakula vingekuja kuliwa na watu wa mji, hata na wale maibobo, na kwake hao walikuwa ndugu zake. Njo kuishi kama mwana, inaonekana ofisini siku ya Jumatatu kuliko kanisani siku ya Jumapili. Motari, kama unasoma, swali lako la Baba alikuwa wapi mimi silimalizi, hata Ayubu hakumalizwa lake, lakini kwamba aliuawa haiwezi kuwa ushahidi kwamba hakuwa na Baba.

Ibada ya Roma ilifanyika kwenye basilika ya Mtakatifu Paulo, ambapo kwa mapokeo Paulo mwenyewe amezikwa. Yeye aliyeandika "Aba" kwa watu wa mji ule. Nimeliwaza sana hilo.

Jambo lingine nalisema kwa ukali kidogo. Kuna vyumba vya maombi hapa mjini ambapo Jumapili wanaimba sisi ni wana wa Mungu, na Jumatano mtoto wa miaka 7 anayekojoa kitandani anaambiwa ni mchawi, ananyimwa chakula, anamwagiwa vitu machoni. Katiba ya nchi, kifungu cha 41, inakataza, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inaweka kifungo. Lakini hata bila katiba, wewe uliyepokelewa bure, bila kufagia uwanja hata mara moja, unamfukuzaje kitoto? Yohana anatoa kipimo kwa barua yake ya kwanza, sura ya 3, ya kujua watoto wa Mungu ni nani: asiyempenda ndugu yake hatokani na Mungu. Hakuweka kunena kwa lugha pale, wala suti.

Watu wananiuliza pia mbona mtu ameokoka kweli na bado ana hofu, bado ana hasira, kama ni mtoto mbona hafanani na Baba? Hapa Paulo ana kitu ambacho ukikipita unachanganyikiwa. Warumi 8:15 anasema tumeshapokea ile roho ya kufanywa wana. Mistari minane mbele, 8:23, anasema tunaugua tukitazamia kufanywa wana. Tumeshafanywa, na tunangoja kufanywa. Yohana naye, sasa tu wana wa Mungu, wala haijadhihirika bado tutakavyokuwa. Nilikuwa naona kama wanajipinga, mpaka mambo ya huyu mtoto wetu yakanionyesha.

Juu dokima zake za kumpanga kisheria hazijaisha. Tuliandika barua tribinali, dosye ikapotea, tukaandika ingine, na tangu mwanzo wa 2025 mambo ya tribinali huku kwetu yamekuwa magumu zaidi. Kwa karatasi bado anangoja. Mwaka jana akavunja termosi, kubwa, ile ya wageni. Nilisikia kishindo, nikafikiria geti, nikafikiria ile sashe. Akaja mwenyewe mpaka jikoni, machozi yanashuka, vipande viko mkononi, akasema "Mama, nimevunja termosi." Hakusema Shangazi. Nikamwambia weka hivyo vipande chini utajikata, leta ufagio. Usiku akala sahani mbili.

Dosye bado iko kule. Yeye amelala kitanda chake, na kesho asubuhi ni zamu yake ya kuchota maji.